Mkaguzi Aliyefumba Macho

Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alifanya kazi yake akiwa amefumba macho, na hakuna aliyeona ajabu. Alikaa kwenye meza ya mwisho katika karakana ya kushona mikanda ya usalama, ile mipana wanayojifunga mafundi wa umeme wanapopanda nguzo, na kila mkanda uliotoka kwenye cherehani ulipita kwanza mikononi mwake. Aliulaza mezani, akashusha kope, kisha akapitisha kidole cha shahada juu ya mshono, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Akimaliza alifumbua macho, akaugonga muhuri au akautupa katika pipa jekundu. Wenzake walimwita Mama Kidole. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki huko huko kwenye kitambulisho.

Hakufumba macho kwa mbwembwe. Mkanda wa aina hii una matabaka mawili ya utepe mzito, na upande unaogusa kiuno hufunikwa kwa pedi. Mshono unaweza kuonekana umenyooka kwa juu, kumbe ndani uzi wa chini umelegea. Nyuzi mbili zikikamatana vizuri, kidole husikia vijinundu vilivyopangana sawasawa, kama punje kwenye gunzi la mahindi. Zisipokamatana, mahali hapo panakuwa laini, pananepa kidogo tu. Jicho haliuoni ulaini huo. Tena jicho lina haraka: likishaona mstari ulionyooka, humtuliza mwenye jicho na kumwambia aendelee na mkanda mwingine.

Aligundua siri hiyo mwaka wake wa pili, siku taa zilipozimika karakana nzima naye akaendelea kukagua gizani kwa ukaidi tu. Katika nusu saa ile ya giza alikamata mikanda mibovu mingi kuliko aliyoikamata asubuhi nzima. Taa zilipowaka, akafumba macho tena.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyekulia chini ya meza ile ile akichezea vipande vya utepe. Binti huyo alipokua hakutaka kushona mikanda, alitaka kuifunga. Akasomea umeme, akawa fundi wa kupanda nguzo. Siku ya kwanza alipopewa mkanda wake, mama alimwomba namba ya usajili ya mkanda huo, ajue ni upi utakaporudi karakanani kukaguliwa upya.

"Sikupi," binti alisema. "Nikikupa, utaukagua huo mara kumi na mingine mara moja. Kagua yote, mama. Wenzangu nao wana mama zao."

Mama alinuna siku mbili. Ya tatu akakiri moyoni kwamba amemzaa mtu.

Basi kamera zikaja. Zilifungwa kwenye dari mwanzoni mwa mwezi, moja juu ya kila meza, na mtaalamu aliyezileta, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, akawakusanya wafanyakazi wote awaeleze. Alisema kwamba kamera hizi zina akili bandia, kwamba zinamtambua mtu anayefanya kazi na anayezembea, na kwamba kila jioni skrini kubwa ya ukumbini itaonyesha jina la kila mmoja na duara pembeni: la kijani kwa aliyekuwa makini, jekundu kwa mzembe.

"Mfumo huu hauchoki," alisema. "Hauna upendeleo. Hauna shemeji hapa kazini."

"Shemeji hauna, lakini baba unaye," ilijibu sauti kutoka nyuma. "Si wewe hapo?"

Aliyesema ni mkataji wa utepe, mwanamke mnene mwenye maneno makali aliyeitwa Mkasi, rafiki wa Mama Kidole tangu walipoajiriwa juma moja. Watu walicheka, na mtaalamu naye akacheka. Meneja hakucheka. Alitangaza kwamba atakayepata duara jekundu mara tatu ndani ya mwezi ataandikiwa barua na kuitwa kujieleza, na akishindwa, atakwenda nyumbani.

Jioni ya kwanza watu walisongamana mbele ya skrini kama wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mtihani. Pembeni mwa jina la Mama Kidole paliwaka duara jekundu, na chini yake maneno haya: AMELALA KAZINI KWA MUDA WA SAA TATU NA DAKIKA KUMI.

Kisha Mkasi akapasua kicheko.

"Mwenzangu! Umelala saa tatu na umekagua mikanda arobaini? Siku ukiamka si utaimaliza ya dunia nzima!"

Wakacheka wote, na Mama Kidole akacheka nao, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Asubuhi yake alikwenda kwa meneja kumaliza kosa hilo kwa maneno mawili, kama mtu anavyorudisha chenji iliyozidi. Meneja alimsikiliza huku akiitazama kompyuta.

"Nakuelewa, mama. Lakini mfumo umesema ulilala."

"Wewe unanijua miaka kumi na minne. Unasemaje?"

"Mimi siwezi kusema kinyume cha mfumo."

Jibu hilo litazamwe vizuri, kwa kuwa siku hizi tunalipata kila mahali, kwenye madirisha ya benki na kwenye meza za mapokezi, nasi tunalimeza kama dawa. Mtu mzima mwenye macho, masikio na kumbukumbu ya miaka kumi na minne alikuwa ameketi mbele ya mtu mzima mwenzake, akakabidhi akili yake kwa kifaa kilichofika juzi. Wala hakikuwa kifaa kilichomdhulumu mama huyu. Kifaa hakijui dhuluma wala haki. Aliyemdhulumu ni yule aliyepewa nafasi ya kuuliza swali moja tu, "Kwa nini unafumba macho?", akaona ni kazi kubwa mno.

Naye hakuwa peke yake. Fundi wa cherehani ya tatu alizaliwa na makengeza, na kamera ikamhesabu kuwa anatazama dirishani tangu asubuhi hadi jioni. Mjamzito wa meza ya pasi aliandikwa mtoro kwa sababu ya kwenda msalani. Walisoma maneno hayo ukumbini mbele ya wenzao, wakainamisha vichwa, wakaenda nyumbani.

Duara la pili jekundu la Mama Kidole liliwaka jioni ya siku ile ile aliyokwenda kwa meneja. Safari hii kicheko kilikuwa chembamba. Wageni wawili waliokuja kununua mikanda walisimama mbele ya skrini, wakasoma, wakatazamana. Mama aliwaona. Alisikia joto likimpanda shingoni, kwani kwa maisha yake yote hakuwa na mali nyingine ya kujivunia ila kwamba akigonga muhuri, umegongwa.

Asubuhi yake, kabla ya kazi kuanza, Mkasi alimvuta pembeni, akatoa miwani mfukoni. Kwenye vioo vyake alikuwa amebandika macho mawili ya karatasi, aliyoyakata kutoka kwenye kalenda ya kampuni, picha ya mwanamke anayetabasamu huku ameshika mkanda.

"Vaa hii. Jana mimi nimeivaa baada ya chakula, nikalala usingizi wa haki, hadi nikaota. Unajua nimepata nini? Kijani! Na leo wamenitangaza Nyota ya Umakini ya juma."

"Wewe una wazimu."

"Nina nyota. Wewe una madoa mawili. Nani mwenye wazimu?"

Mama Kidole alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akairudisha miwani. "Nivae macho ya uongo ili niaminiwe kuwa mkweli? Hapana, mwenzangu. Nitafumbua yangu tu."

Siku hiyo akafumbua. Alikagua siku nzima macho yakiwa wazi, na siku nzima kidole chake kilikuwa kama mtu anayezungumzishwa sokoni: anasikia, hasikii. Rangi ya uzi ilimvuta, kivuli cha mwenzake kilimvuta, jicho likatangulia mbele na kidole kikafuata nyuma. Jioni duara lake lilikuwa la kijani. Meneja alipita akamwambia, "Hongera, mama, umejirekebisha." Usiku huo hakula vizuri.

Mikanda ya siku ile, thelathini na sita kwa hesabu, ilikuwa bado ghalani ikingoja gari. Siku iliyofuata, wakati wenzake wakila, Mama Kidole aliingia humo ambamo hamkuwa na kamera, akaketi juu ya kasha, akafumba macho, akaanza upya. Kumi ilikuwa mizima. Kumi na tano. Ishirini. Alikwisha kuanza kujicheka. Kwenye wa ishirini na saba kidole kilisimama chenyewe. Palikuwa laini. Akarudia, pakanepa. Kwenye wa thelathini na nne kikasimama tena.

Alifumbua macho, akaona muhuri wake mwenyewe, mweusi, ulionyooka, juu ya mikanda yote miwili.

Hakumfikiria meneja wala barua. Alifikiria namba asiyoijua, kiunoni mwa binti yake, juu ya nguzo asiyoijua. Halafu akawafikiria mama wengine. Akaikunja ile miwili, akaiweka kwenye mkoba wake, akarudi mezani, akaketi chini ya kamera, na mbele ya macho ya mfumo na ya dunia akafumba yake. Jioni hiyo duara la tatu likawaka.

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilimtaka aje kujieleza siku ya Ijumaa kuhusu "tabia ya kulala kazini", na hadi siku hiyo asikae kwenye meza ya ukaguzi. Mahali pake aliwekwa kijana wa ofisini, mwenye macho makubwa yaliyokodoka, aliyepata kijani kila siku.

Nyumbani binti aliisoma barua ile kwenye meza ya chakula, akaisoma tena, akaiweka chini ya bakuli kama karatasi ya kufutia.

"Mama, mwaka jana mguu wangu uliteleza juu ya nguzo. Nilining'inia kwenye mkanda hadi wenzangu waliponifikia."

Mama aliacha kutafuna. "Hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungefumba macho hata ukivuka barabara." Binti akamshika mkono, kile kidole hasa, chenye ngozi iliyong'aa kwa kusugua tepe. "Ulishika. Mshono ulishika, mama. Kwa hiyo Ijumaa usiende kuomba msamaha. Nenda kawafundishe kazi."

Ijumaa meneja alikuwa amepanga viti vitatu ofisini kwake. Mama Kidole alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nilitangazwa mlalaji mbele ya watu," alisema. "Nisikilizwe mbele ya watu. Karakanani, karibu na mashine ya kuvutia."

Mashine hiyo ilikaa kwenye kona tangu karakana ilipojengwa. Kazi yake ni kuvuta mkanda kwa nguvu hadi sindano ya saa yake ifike kwenye alama nyeupe, uzito wa mtu anayeanguka. Mkanda mzima hauumii. Mbovu hukatika. Ilivuta mmoja tu katika kila mia, maana ilikuwa nzito na ya polepole. Meneja alisitasita, lakini cherehani zilikuwa zimekwisha kunyamaza moja baada ya nyingine, na watu walikuwa wanatazama. Akatoka.

Mama alitoa ile mikanda miwili, akaeleza ilikopatikana, na kwamba muhuri uliokuwa juu yake ni wake, wa siku aliyopata kijani. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Kisha akamwambia mtaalamu wa mfumo, ambaye naye alikuwa ameitwa:

"Changanya hii na mingine minane kutoka ghalani. Funika mihuri yote kwa karatasi. Nami nifungeni macho."

Mkasi alimfunga kwa kitambaa chake cha kichwani, akikaza fundo kwa raha kama anayemvisha bibi harusi. Mtaalamu aliweka mikanda kumi mezani. Meneja, asitake kusikia baadaye kwamba kulikuwa na hila, akaichanganya tena kwa mikono yake.

Kidole kikaanza safari. Wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu kikapita, kikarudi, kikasimama. "Huu," alisema, akauweka kando. Wa nne, wa tano, mizima. Wa sita: "Na huu."

Mtaalamu alisoma namba za usajili za mikanda hiyo, akamtazama meneja, akatikisa kichwa kwa mshangao. Ni ile ile miwili. Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Lakini Mama Kidole aliinua mkono wanyamaze. Alikagua wa saba. Wa nane. Kwenye wa tisa kidole kilisita, kikasonga, kikarudi nyuma.

"Na huu."

"Basi, mama," meneja alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama nafuu. "Ilikuwa miwili tu. Huo umetoka ghalani, umekaguliwa juzi. Umekosea."

Mtu mwingine angetetereka. Alikuwa gizani, amezungukwa na pumzi za watu sitini, na kazi yake ya miaka ishirini na mitatu ilikuwa imelala juu ya unene wa uzi. Alipitisha kidole mara moja zaidi.

"Uvute," alisema, kisha akaukagua na wa kumi: mzima.

Ule wa kwanza waliufunga kwenye mashine. Sindano ilipanda, ikafika nusu, na mshono ukatatuka kwa mlio kama wa shuka kuukuu. Wa pili ukatatuka hapo hapo karibu na nusu. Wakafunga wa tatu, ule wa ghalani. Sindano ikapanda. Ikafika nusu, ikapita nusu. Meneja akaanza kufungua kinywa. Sindano ilikuwa unene wa kidole kutoka kwenye alama nyeupe wakati mkanda ulipokatika kwa kishindo, kifungo chake cha chuma kikaruka, kikagonga ukuta.

Karakana nzima ikapiga kelele. Fundi wa cherehani ya tatu alikuwa analia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Mama Kidole alijivua kitambaa, akamwambia meneja kwa sauti ndogo, "Ivute na ile saba." Wakaivuta mmoja mmoja, na yote saba ikashika hadi kwenye alama.

"Na huo wa tatu," aliuliza meneja, uso wake ukiwa umebadilika rangi, "umepita kwa nani?"

Kijana wa ofisini aliinua mkono taratibu. "Kwangu. Nilikuwa kijani siku hiyo."

"Ghala lifungwe," alisema Mama Kidole. "Kila mkanda uliokaguliwa tangu nitolewe mezani urudi kwangu, na ulioondoka ufuatwe." Meneja alikwisha kuchomoa simu mfukoni kabla hajamaliza sentensi.

Hapo Mkasi akajitokeza mbele, akavaa miwani yake ya kalenda, akasimama mbele ya mtaalamu akimtazama kwa macho ya karatasi.

"Kaka, mimi ndiye Nyota ya Umakini. Usinione nimekaa kimya, nilikuwa naota. Nyota yako hiyo hapo, chukua."

Kicheko kilitikisa madirisha. Mtaalamu aliichukua ile miwani, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na heshima yake, hakujitetea.

"Hakuna aliyeniambia kuna kazi inayofanywa macho yakiwa yamefumbwa," alisema.

"Uliuliza?" alijibu Mama Kidole.

"Hapana."

"Basi uanze."

Meneja alichukua ile barua ya mistari minne, akaishika katikati ili aichane. Mama akamzuia mkono.

"Usiichane. Ukiichana itakuwa haikuwapo, nami nitabaki mlalaji kwenye vichwa vya watu. Andika nyingine. Isomeke kwenye skrini ile ile, kwa herufi zile zile, na isitaje jina langu peke yake." Akamgeukia fundi wa cherehani ya tatu, na mjamzito wa meza ya pasi. "Na kuanzia leo, kamera ikisema jambo juu ya mtu, mtu huyo aulizwe kwanza. Aulizwe na mtu mwenye kinywa. Kabla ya hapo lisionyeshwe ukumbini."

Watu sitini waliitikia kama mmoja. Meneja aliwatazama, akautazama mkanda uliokatika sakafuni, akaomba kalamu.

Jioni binti alifika nyumbani na karatasi ndogo aliyokwisha kuiandika njiani. "Namba ya mkanda wangu," alisema. "Leo umestahili."

Mama aliikunja bila kuisoma, akamrudishia. "Ya nini? Mimi nakagua yote."

Jumatatu maneno yalikuwa kwenye skrini, kwa herufi kubwa, yakikiri kwamba wafanyakazi kumi na wanne walihukumiwa kimakosa, na yakiwaomba radhi mmoja mmoja kwa majina. Maduara hayakuwapo. Mama Kidole alisimama akayasoma yote hadi mwisho, tena kwa sauti, bila haraka, kisha akaenda kwenye meza yake. Rundo la mikanda iliyorudishwa lilimngoja, refu kupita kichwa chake. Alikunja mikono ya blauzi, akaketi chini ya kamera, akafumba macho.

"Mama Kidole!" Mkasi aliita kutoka upande wa pili wa karakana. "Umelala?"

"Fofofo," alijibu. "Lete mkanda."